Alhamisi ya Mjane

Wapendwa, tulieni kidogo niwape kisa.

Palikuwa na mama mmoja, hodari wa jembe, katika kijiji ambamo wanawake kumi na wawili walipalilia kwa zamu. Kila Alhamisi wote waliingia shamba la mmoja wao, na kufikia adhuhuri palizi imekwisha. Hakuna aliyeandikishwa. Mtu alisema tu "nitakuja," akaja.

Kisha nchi ikaitwa kupiga kura ya maoni. Mwanasiasa mmoja akapita akiinadi Ndiyo, akaahidi kwamba ikishinda wataletewa trekta, waage jembe la mkono. Mama huyu akawa wa Ndiyo mpaka kwenye kilemba. Jirani yake, mjane mtu mzima, alisema yeye ni Hapana, hakueleza zaidi. Maneno yakaanza kisimani. Wa Ndiyo wakawaita wenzao vichwa maji. Wa Hapana wakajibu kwamba heri maji kuliko upepo.

Ndiyo ikashinda. Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya mjane. Mama yetu akabaki nyumbani akishona shuka, akijiambia kwamba aliyelikataa trekta na apalilie kwa meno. Wenzake wa Ndiyo nao hawakwenda. Wa Hapana walipojiona wachache, wakatawanyika. Kikundi kikafa.

Wiki nne zikapita. Trekta halikuonekana, wala aliyeliahidi. Mahindi ya mama yakageuka manjano, magugu yakafika magotini, na watoto wake watano hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Akaenda kwa mjane kumwaga machungu yake.

"Mama, yule bwana ametuvunjia ahadi."

Mjane alikuwa ameinama kwenye mstari wake, peke yake. Hakuinuka.

"Mimi hakuniahidi kitu, mwanangu. Aliyeniahidi ni wewe."

Ninyi mngemjibu nini? Mama yule aligeuka akaenda zake, mjane akadhani amekasirika. Kumbe amefuata jembe. Akaingia mstari wa pili, wakapalilia, mpaka mjane alipomuuliza kwa upole kama trekta lingejua kutenganisha gugu na haragwe. Mama akacheka hadi akakaa chini. Kesho yake walikuwa wawili shambani kwa mama. Alhamisi wakawa saba. Mavuno hayakuwa mengi, lakini watoto walikula hadi msimu mwingine.

Wapendwa, yule wa jukwaani tuna haki ya kumdai, na tumdai. Lakini sisi je? Tangu kura ile, ni nani hapa aliyeacha kubisha hodi kwa jirani yake? Ni msiba gani hatukwenda, kwa sababu marehemu alikuwa wa upande ule?

Hebu tazameni mlivyoketi leo. Ndiyo wako dirishani, Hapana wako mlangoni, na katikati benchi tatu tupu. Aliyetuahidi trekta hayumo humu ndani. Tuliowaahidi sisi wamo. Basi kabla hatujaomba, kila mtu ainuke, avuke, akamwombe radhi mwenzake.