Mvumo Katika Chumba cha Shangazi

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ncha zimefumuka, lakini ni wako: ukirudi umechoka unaukuta pale pale ulipouacha. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mwenzio. Utauswalia leo, kesho mwenyewe ataukunja aende zake. Methali hiyo nani asiyeijua? Muzafaru wa Walukuba, mjini Jinja, aliijua pia, tena aliwahi kuiimba harusini watu wakamtunza. Lakini kuijua methali na kuishika ni mambo mawili, jamani.

Muzafaru alikuwa mpiga gitaa. Mama yake alifariki yeye hajaota hata jino, akalelewa na shangazi yake, Bi Nangobi. Shangazi huyo hakujaliwa mtoto wa kumzaa, kwa hiyo mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamimina kwa huyo mmoja. Jioni Muzafaru alipofanya mazoezi sebuleni, shangazi alikuwa jikoni akimenya ndizi, masikio yako kwenye nyuzi.

"Muza! Hiyo ya juu imelegea!" alikuwa akimpigia kelele.

Muzafaru alikaza uzi, na kweli, wimbo ukakaa sawa. Shangazi mwenyewe hakuwahi kushika gitaa maishani mwake.

Adhana ilipolia, Bi Nangobi alichukua birika lake la plastiki, akazunguka nyuma ya nyumba, akachutama penye ukuta ule ule na kutawadha. Muzafaru alimtengenezea mahali pa saruji penye bomba. Shangazi alimshukuru sana, akamwombea dua, kisha akaendelea kutawadha ukutani kwake. Wazee na mazoea yao!

Basi akatokea Owino, Mkenya aliyekuwa akizunguka miji ya barabara kuu kutafuta wanamuziki. Mtu huyo alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Bosi, wewe ni moto," alimwambia Muzafaru. "Turekodi nyimbo zako, nikupeleke Mbale, Busia, mpaka Kisumu. Lakini studio iko wapi? Hapa sebuleni kelele za njiani zinaingia zote. Chumba cha maana ni kile cha mama."

Muzafaru akakubali. Siku ya pili alimwendea shangazi yake, macho sakafuni.

"Shangazi, ni kwa muda tu. Utakaa Busiu kwa mdogo wako Nusifa, upumzike. Kazi ikisimama nakuja kukuchukua."

"Kwa muda," Bi Nangobi aliitikia polepole. Hakuuliza muda gani. Alifunga nguo zake, akachukua birika lake, na Muzafaru akampandisha teksi ya Mbale, kwani Busiu iko mbele ya Mbale, njia ya Tororo. Gari halijaondoka, kijana amekwisha geuka kurudi kupima kuta za chumba.

Walipachika magodoro chakavu ukutani ili sauti isitoroke, wakaingiza amplifaya na spika. Kitanda cha shangazi kikasimamishwa kwenye ujia. Kiangazi kikaja, kikali, hata majani ya uani yakageuka rangi ya chai. Owino aliporudi na vipaza sauti vyake, Muzafaru alichomeka gitaa kwa fahari, akafungua sauti.

Mmmmmmm!

Mvumo ulijaa chumbani. Alipogusa nyuzi, umeme ulimtekenya vidole.

"Hiyo ni nini, bosi?" Owino aliuliza. "Umefuga nyuki?"

Hapo ndipo msako ulipoanza. Muzafaru alibadilisha waya wa gitaa, mvumo ukabaki. Akazima friji, nyama ikaoza bure. Akachomoa chaja za simu, akazima taa zote, akapiga gizani kama mwizi, lakini wapi! Akigeukia dirishani unapungua kidogo, akigeukia mlangoni unarudi na ndugu zake. Mwishowe alibeba gitaa na amplifaya hadi kwa jirani yake Wanyera, akachomeka kule. Sauti ilitoka safi kabisa. Basi akajua kuwa ugonjwa hauko kwenye gitaa. Uko nyumbani kwake.

Jioni hiyo alikaa peke yake chumbani kurekebisha nyuzi. Alikaza ule wa juu, akasita, akatega sikio jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu. Moyo ulimwuma, akatamani angalau kukaripiwa. Alishika simu ampigie shangazi, kisha akaona haya: Idd ilikuwa imepita na hakwenda kumwamkia. Akairudisha simu mfukoni.

Owino hakuwa mtu wa kungoja. "Nitakupigia, bosi," alisema, akapakia vipaza sauti vyake. Hakupiga. Baada ya muda Wanyera akaleta habari kwamba Owino amepata mpiga gitaa mwingine huko Mbale, na wameshavuka mpaka.

Muzafaru alikuwa amebaki na mvumo wake. Akamwita Brendah, fundi wa umeme, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Brendah alipima soketi moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa, akatoka nje akiufuata waya uliotoka kwenye mita, ukashuka nyuma ya nyumba na kuzama udongoni. Akachutama, akachimbua kwa bisibisi. Udongo ulimwagika kama unga.

"Njoo uone, bwana," alisema. "Hapa chini kuna fimbo ya shaba. Kazi yake ni kuupokea umeme uliopotea njia na kuuzika ardhini. Lakini udongo mkavu hivi haupokei kitu, kwa hiyo umeme unarudi kuimba kwenye gitaa lako. Na siku moja ungekuua, ujue." Akapangusa ukuta kwa kiganja. "Ila zamani hapa palikuwa na unyevu, alama za ukungu hizi hapa. Nani alikuwa akimwaga maji?"

Muzafaru aliutazama ukuta, akakumbuka. Alimwona shangazi yake amechutama pale pale, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni, maji yanachuruzika, alfajiri mpaka isha, miaka nenda miaka rudi.

Walimwaga madumu ya maji, wakangoja yanywewe. Muzafaru alirudi ndani akafungua sauti. Kimya. Aligusa uzi, ukalia mmoja, safi, na hapo machozi yakamtoka. Hakuwa akililia nyimbo wala Kisumu. Alimtaka shangazi yake.

Alibandua magodoro yote, akarudisha kitanda mahali pake, akatandika shuka mpya. Asubuhi alikodi pikapu ya kubeba vitu vya shangazi, akashika njia ya Busiu.

Aliwakuta Bi Nangobi na Nusifa wamekaa barazani, wakipukuchua mahindi.

"Asalaam aleikum, Shangazi!"

"Waaleikum salaam. Haa, Muza! Umekonda!"

Furaha ilimzidi Muzafaru, na furaha haina breki. Kabla hajauliza hata hali, alianza kusimulia: mvumo, Brendah, fimbo ya shaba, udongo mkavu. "Kumbe ni udhu wako, Shangazi! Ulikuwa ukiinywesha ardhi siku zote!"

Wanawake walicheka mpaka punje zikamwagika. Kisha Bi Nangobi akamtazama usoni.

"Sasa, mwanangu, umenifuata mimi au umefuata maji yangu?"

Muzafaru alishtuka. "Wewe, Shangazi," alisema. Lilikuwa jibu la kweli, lakini lilichelewa, na wote watatu walisikia kuchelewa kwake.

"Sina kinyongo," Bi Nangobi alisema. "Nilikungoja, Muza. Kila gari lililopunguza mwendo pale barabarani nilisimama, nikasema ni wewe. Idd nikakuwekea nyama, ikalala. Halafu siku moja nikagundua nimeacha kutazama barabara. Maji utamwaga mwenyewe. Mimi nimeshakaa."

"Chumba chako kiko tayari. Nimetandika. Twende nyumbani, Shangazi, nakuomba."

"Nyumbani ni hapa, baba."

Muzafaru alipiga magoti. Shangazi alimwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu ya kusafiri salama, na mkono huo ulikuwa na joto lile lile la utoto wake. Kisha akarudi kwenye mahindi yake.

Kule barabarani dereva alikuwa amekwisha fungua nyuma ya pikapu. "Mzigo uko wapi, bwana?"

"Hakuna mzigo. Washa gari."

Walirudi Jinja na gari tupu, Muzafaru akilia waziwazi bila kujali macho ya dereva. Nawe uliyesikia haya, usiache mbachao kwa msala upitao.