Siku Bi Kindi Alipokuwa Mgeni

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiajiriana kama sisi, Bi Kindi alipata kazi ya kubangua korosho kwa Bwana Nyati. Alikuwa mdogo kama ngumi, lakini meno yake, kwa kwa kwa, yaliwashinda wabanguaji wote.

Mwezi wake wa tatu kazini, tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Akamwendea tajiri wake.

"Bwana Nyati, nakaribia kujifungua. Naomba likizo ya uzazi."

Nyati alicheka hadi pembe zikatikisika. "Likizo ni ya wafanyakazi. Wewe umekuja juzi tu, bado mgeni hapa. Ukizaa leo, kesho nikuone kazini."

Bi Kindi akarudi kukaa karibu na Bi Pimbi, mbanguaji mwenzake. Huyo mwaka uliopita alijifungua Jumatatu, Alhamisi akarudi kubangua, maziwa yakamkauka. Kindi alimtazama, moyo ukamuuma. Akawaza, akawaza, kisha akatabasamu.

Kesho yake alikuja amevaa kanga mpya. Hakugusa korosho. Alikwenda moja kwa moja hadi barazani kwa Nyati, akakaa mkekani, akanyoosha miguu.

"Umeamkaje, mwenyeji wangu? Uji umeiva?"

"Uji gani? Nenda kazini. Wanunuzi wanakuja adhuhuri, na magunia matatu hayajaguswa."

"Jana ulisema mimi ni mgeni. Kwetu mgeni hukaribishwa, hapewi kazi. Sukari usizidishe, tafadhali."

Nyati akaparura ardhi kwa kwato, kwaru kwaru. Kindi hakuinuka. Jua likapanda, na vumbi la wanunuzi likaonekana kwa mbali.

"Ondoka hapo ukabangue," Nyati akanguruma. "Wewe ni mfanyakazi wangu kama hawa wote."

"Tangu lini?" Kindi akauliza taratibu.

"Tangu siku ya kwanza ulipokanyaga hapa."

Kindi akawageukia wenzake waliokuwa wakibangua karibu na baraza. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu wote.

"Basi mfanyakazi ana likizo yake, Bwana Nyati."

Nyati akatazama vumbi, akatazama magunia, akatazama meno yale madogo.

"Miezi mitatu," akasema kwa sauti ya chini. "Na nafasi yako itakungoja."

Wote wakashika kazi pamoja, na magunia yakaisha.

Kindi alijifungua mapacha, akawanyonyesha bila haraka. Bi Pimbi alipokwenda kumpongeza, alikuwa na mimba nyingine, na safari hii hakuwa na hofu.

Wanangu, anayeitwa mfanyakazi tangu siku ya kwanza, haki zake nazo huanza siku hiyo.