Yowe na Milango Arobaini na Minane

Mwanamke mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja, shamba la maharage, na sauti. Jina lake Nanzia. Ng'ombe aliitwa Kidoa, kwa sababu ya doa jeupe kwenye paji la uso. Mume wa Nanzia alikuwa amekwisha kufariki, watoto walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na maziwa ya Kidoa ndiyo yaliyompa chumvi, sabuni, na watu wa kubisha hodi kila asubuhi na vibuyu mkononi. Sauti nayo tutaifikia. Msiwe na haraka.

Katika kitongoji chao cha Kwesamba palikuwa na sheria ambayo hakuna serikali iliyoiandika. Mtu akipatwa na jambo, hupiga yowe: pumzi moja ndefu, kiganja kikipiga mdomoni, mara tatu. Anayelisikia hutupa alichoshika. Kama ni jembe, jembe chini. Kama ni mwiko, ugali na uungue. Huulizi kuna nini, utauliza ukishafika. Na asiyekwenda husemwa ameziba sikio. Siku yake ikifika, akipiga yeye, watu watakwenda, ndiyo, lakini kwanza watamaliza walichoshika. Zamani palikuwa na bwana mmoja aliyeziba sikio kwa ajili ya ugomvi wa mpaka. Paa lake liliposhika moto, watu walimaliza kula. Wakanawa mikono. Walipofika, alikuwa amebaki na fremu ya mlango. Ilikuwa sheria ngumu, na waliipenda, maana kila mmoja aliishi akijua kuna masikio mengi yamemzunguka.

Zamani hizo kwenda mjini ilikuwa safari. Mtu alivaa viatu. Kisha mji ukaanza kuja wenyewe. Shamba la mahindi lililopakana na Nanzia likauzwa. Wakaja watu wa kupima, wakaja wenye malori, wakachimba kifusi upande wa chini na kuacha shimo wazi, na katika miaka miwili likasimama jengo la ghorofa sita, milango arobaini na minane, na ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu yake. Jua lililozoea kumkuta Nanzia akikamua sasa lilimfikia saa tatu na nusu, likiwa limechoka kulizunguka lile jengo, na nguo alizoanika zilikuwa bado zinachuruzika.

Wenyeji wakangoja. Kwa desturi yao mgeni ndiye anayekuja kubisha hodi. Huja kuomba kaa la moto, hata kama ana kiberiti mfukoni, ili ajulikane. Wahamiaji nao wakangoja, kwa kuwa huko walikotoka mtu haendi kwa mtu bila kuitwa. Basi wakangojana. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Watu wazima na akili zao! Hawa wakasema wale wanaringa. Wale wakasema hawa hawatutaki. Na wenyeji kila walipoutazama ule ukuta walikumbushana kwamba akufukuzaye hakwambii toka.

Siku moja, saa sita mchana, wiki ya mvua kubwa, Kidoa alikuwa akila majani kando ya lile shimo la kifusi. Majani yalikuwa yameota hadi ukingoni, na ukingo ulikuwa umelika kwa chini. Ukakatika. Nanzia alisikia kishindo, akakimbia, akamkuta Kidoa ameingia kwenye tope hadi mabegani, macho yamemtoka.

Nanzia akapiga yowe, pumzi ndefu, mara tatu.

Wakaja watu kumi na mmoja, wengi wao wenye mvi, maana vijana walikuwa wamehamia mjini, huko huko walikotoka watu wa ghorofani. Wakaja na kamba ya katani. Wakavuta, wakateleza, wakavuta tena. Kidoa akatoka hadi kifuani, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Ilihitajika mikono michache tu zaidi. Nanzia akainua macho, akawaona. Roshani za jengo zilikuwa zimejaa watu. Mmoja alikuwa ameinua simu. Mwingine, mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani ghorofa ya nne, alimtazama Nanzia machoni, kisha akavuta pazia polepole, kama mtu aliyekosea mlango na kukuta watu wanavaa.

Walipomtoa Kidoa alikuwa hapumui tena.

Nanzia akakaa ukingoni mwa shimo akalia mbele za watu. Hakulilia maziwa. Alililia lile pazia.

Jioni ile Mzee Mgonja, balozi wao wa nyumba kumi, akatamka mbele ya wote kwamba milango arobaini na minane imeziba sikio. Haijawahi kutokea milango mingi hivyo kwa siku moja. Mtu mmoja akaitikia kwamba dawa ya moto ni moto, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hebu niambieni, nani kati yenu amewahi kuzima jiko kwa petroli? Lakini ukiwa na uchungu, kila methali inayokuunga mkono huonekana ina hekima. Tangu siku ile Nanzia alilima akiwa amelielekezea jengo mgongo, hata pale ambapo tuta lilimtaka ageuke.

Kiangazi kikafika, na maharage yakakauka. Wenzake wakaja shambani kwake kumsaidia kupura, kama walivyosaidiana kila mwaka, zamu kwa zamu. Walitandika turubai, wakarundika maharage hadi kiunoni, kila mmoja akashika fimbo, na magunia matupu yakawekwa pembeni yakisubiri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Fimbo zilikuwa zinakwenda vizuri, na mama mmoja alikuwa akimtania Mzee Mgonja kwamba anapiga maharage kana kwamba anayaomba radhi.

Ndipo wakasikia.

Halikuwa yowe. Halikuwa na pumzi ndefu wala kiganja mdomoni. Zilikuwa kelele tu, "Jamani! Jamani!", kelele za mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kuita watu. Wakageuka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye ngazi za jengo, ngazi moja tu inayohudumia ghorofa zote sita. Na ghorofa ya nne, roshani ile ile, alisimama yule mwanamke wa kitenge cha kijani. Safari hii alikuwa ameshika watoto wawili, mmoja begani, mmoja mkononi.

Fimbo zikasimama hewani. Watu wote wakamtazama Mzee Mgonja. Mzee Mgonja akamtazama Nanzia, kwa sababu kwa sheria yao aliyeumizwa ndiye wa kwanza kuachia alichoshika, na wengine humfuata.

"Rundo bado, Nanzia," mzee akasema kwa sauti ya chini.

Nanzia alielewa. Alikuwa akiambiwa kwamba ana haki. Rundo lile lingewachukua hadi alasiri. Hakuna mtu wa Kwesamba ambaye angemlaumu, leo wala siku ya kufa kwake. Na alitaka kulimaliza. Nisiwadanganye, alitaka sana. Aliona lile pazia likivutwa, akamwona Kidoa na macho yake. Akapiga fimbo moja. Akapiga ya pili. Kelele zikaja tena kutoka juu, na sasa sauti ya mtoto ilikuwa imejichanganya humo, na Nanzia akahisi mkono wake unainua fimbo ya tatu na miguu yake inakataa kubaki. Miaka hamsini miguu ile ilikuwa imefundishwa jambo moja.

Akaitupa fimbo.

"Walioziba masikio ni wao," akasema. "Yangu nani kayaziba?"

Akakimbia. Hawakukaa kushauriana, wakanyakua magunia, wakavuta turubai maharage yakamwagika, wakamfuata.

Geti lilikuwa na kufuli, na mlinzi alikuwa amekwenda kununua muhogo wa kukaanga na funguo mfukoni. Wakarusha magunia matupu juu ya vile vipande vya chupa, gunia juu ya gunia, na turubai juu yake. Mzee Mgonja, na miaka yake sabini, akainama ukutani akasema wapite mgongoni kwake. Wakapita. Ndani wakakuta makochi mabovu yaliyorundikwa chini ya ngazi yanawaka, maana mtu alikuwa amemwaga hapo majivu ya jiko akidhani yamepoa. Pembeni palikuwa na mchanga uliobaki tangu siku za ujenzi. Wakaanza kuubeba kwa kanga, kwa kofia, kwa viganja.

Lakini walikuwa wachache, na moto ulikuwa mkubwa kuliko wao. Na kwenye roshani na vyumbani walikuwamo watu wamejifungia, kila mlango na funguo zake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Nanzia akasimama katikati ya uwanja wa saruji wa jengo. Akavuta pumzi. Akapiga yowe, lile lenyewe, na kuta za ghorofa sita zikalishika na kulirusha juu.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kitasa kimoja kikalia. Mara ya tatu, milango ikafunguka.

Wakatoka na ndoo, na mabeseni, na masufuria, na mmoja na birika la chai. Wakajifunga vitambaa vya maji puani, wakapanga mstari kutoka kwenye matangi ya juu, wakateremsha maji mkono kwa mkono huku wenyeji wakipandisha mchanga kutoka chini. Siku ile aliyeishi ghorofa ya pili alijua kwa mara ya kwanza kwamba bwana anayeishi juu ya kichwa chake ana mguu mmoja, na kwamba huo mmoja unasimama imara kuliko miwili ya watu wengine. Moto ukafa. Hakuna aliyekufa pamoja nao. Watoto wawili walikohoa hadi jioni, wakapewa maziwa ya jirani, wakalala.

Yule mwanamke wa kitenge cha kijani akashuka. Jina lake Zamda. Akasimama mbele ya Nanzia, uso umejaa masizi, mikono hajui aipeleke wapi.

"Mama, siku ile ya ng'ombe nilikuona," akasema. "Kwetu mjini mtu akilia, jirani mwema hufunga dirisha asimwaibishe. Nilivuta pazia ili nikusitiri."

Nanzia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi mingapi alikuwa amelima akimpa mgongo mtu aliyekusudia kumfunika aibu! Akacheka, na machozi yakamtoka katika kicheko kile kile. Akamshika Zamda mkono akamvuta aketi.

"Mwanangu, yowe si aibu," akasema. "Yowe ni hodi ya mwenye shida."

Jumapili iliyofuata, alasiri, Nanzia alisimama uwanjani pale akawafundisha. Pumzi ndefu. Kiganja mdomoni. Mara tatu. Watu wakasimama kwenye roshani zote, baba na tai shingoni aliyetoka ibadani, mama na mtoto mgongoni, na mwanzo walitia huruma kuwasikiliza. Wengine waliishia kukohoa, wengine walicheka hadi wakashindwa. Watoto ndio waliolipata kwanza. Mwishowe milango yote arobaini na minane ilipiga kwa pamoja, na kutoka bonde la tatu wakaja mbio wanaume wanne na kamba mabegani, wanahema, wakiuliza ng'ombe yuko wapi. Walipoambiwa ni somo tu, walikasirika sana. Wakatulizwa kwa chai na maandazi.

Wiki ile ile wakalifukia shimo la kifusi. Wenyeji walikuja na majembe, wa ghorofani wakaja na ndoo zile zile za moto. Pale alipofia Kidoa sasa pameota maboga, na hayana mwenyewe, apitaye huchuma.

Msidhani mambo yote yalirudi kama zamani. Jua bado linamfikia Nanzia saa tatu na nusu. Jengo halikusogea, wala halitasogea, na ng'ambo ya barabara watu wa kupima wamekwisha kufika na kamba zao, na jengo la pili limesimama. Lakini safari hii Nanzia hakungoja kubishiwa hodi. Siku gari la kwanza lilipokuja kushusha godoro na viti, walimkuta amekwisha simama getini, amebeba kaa la moto juu ya kigae. Mgeni akamwambia, kwa adabu, kwamba yeye anapikia gesi. Nanzia akamwambia achukue tu. Akalichukua.

Nanyi mlioketi hapa, mnaohesabu majirani walioziba masikio siku mlipolia: ni nani kati yenu aliyewahi kwenda kuwafundisha yowe lenu?