Mtani wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanavaa nguo na kupeleka watoto shule, na msiniulize zile nguo zilikwenda wapi, palikuwa na binti mmoja mdogo wa ukoo wa Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa majabalini, masikio mafupi, mwili kama kifurushi, na mkia hana. Hana kabisa! Mimi nimeangalia.

Pimbi huyu alisoma darasa la tatu. Alipenda shule. Alikuwa wa kwanza darasani kusoma sentensi nzima bila kuweka kidole chini ya maneno, na siku hiyo alirudi nyumbani akirukaruka.

Darasani humo alikuwamo Nyati. Nyati alikuwa mkubwa kwa sababu mbili. Kwanza, alizaliwa mkubwa. Pili, darasa la tatu alikuwa amelirudia mara nne. Alikuwa na pembe nene zilizopinda, na kila asubuhi alizipaka mafuta ya nazi mpaka zikang'aa. Kila alikokwenda alifuatwa na Fisi, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kucheka.

Basi kila siku saa nne kengele ililia, ngengengengee! Watoto walipanga foleni ya uji wa ulezi. Pimbi alipopata kikombe chake, Nyati alikuwa keshasimama nyuma yake.

"Mtani, hebu nikuonjee kama umeungua!"

Fyooooo! Kikombe kikabaki kitupu.

"Haukuungua," Nyati alisema.

"Hihihihihi!" Fisi alicheka.

Kesho yake waliutupa mfuko wa madaftari wa Pimbi juu ya mgunga, kwenye miba. Keshokutwa yake Nyati aliukalia ubao wa dawati, na Pimbi akiwa mwisho wa ubao huo, akarushwa hadi dirishani, pwaa!

"Pimbi, mkia wako umeuacha wapi? Umeukalia?"

"Hihihihihi!"

Pimbi alikwenda kwa Mwalimu Korongo. Mwalimu Korongo alikuwa mrefu, amesimama kwa mguu mmoja, anasoma gazeti.

"Mwalimu, Nyati kaninywea uji tena."

"Nilikuwa namtania, Mwalimu!" Nyati alipaza sauti toka mbali.

"Umesikia? Anakutania," Mwalimu Korongo alisema, akafunua ukurasa. "Utani haukasirikiwi. Mpuuze."

Mpuuze! Hebu nyie mjaribu kumpuuza nyati aliyewakalia. Mimi huwa nawasikia wakubwa wakisema hivyo, nasikia hasira mpaka masikio yanawaka moto.

Pimbi alijaribu kumpuuza. Njaa hakuweza kuipuuza. Na lile neno la mkia lilimuuma kuliko njaa, maana alianza kujiangalia nyuma kila alipopita mbele za watu. Jumatatu alisema anaumwa tumbo, asiende shule. Jumanne alisema jino. Jumatano aliishiwa viungo, akasema ukucha.

"Ukucha gani?" mama yake aliuliza.

Pimbi akalia. "Mama, mimi shule basi. Nitakaa hapa nichunge wadogo zangu."

Mama yake alikwenda shuleni mara mbili, na mara mbili aliambiwa ni utani wa watoto. Alirudi akakaa kwenye jiwe, asijue la kufanya.

Wiki hiyohiyo babu yake Pimbi alifariki. Ukoo mzima ulikusanyika kwenye majabali, watu wanalia. Mara akatokea Nguchiro, jirani yao wa miamba ya pili, mbio mbio, akaruka ndani ya kaburi lililochimbwa, akalala chali, akapachika mguu juu ya mguu.

"Aa! Kaburi hili limenitosha vizuri! Marehemu atafute lingine!"

Pimbi alishika mdomo. Alitazama watu wakubwa, akisubiri wamrarue. Watu wakubwa walicheka! Nguchiro alitoka kaburini, akavaa kofia ya marehemu, akakohoa kama marehemu, koho! koho! "Nani kanilia karanga zangu?" Hata bibi mfiwa alicheka huku machozi yakimtoka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba uanze.

"Shangazi," Pimbi alinong'ona, "mbona hapigwi?"

"Apigwe na nani? Huyu mtani wetu," Shangazi alisema. "Mtani hakasirikiwi. Mwaka jana alipokufa baba yake, mimi mwenyewe nililala kwenye kaburi lao. Nilizidisha kidogo, nikapitiwa na usingizi."

"Wao hawakukasirika?"

"Wakasirike wana wazimu? Utani una kwenda na una kurudi, mwanangu. Yeye ananitania, mimi namtania. Akitaka kunitania halafu nikimrudishia anune, huyo si mtani. Huyo ana lake jambo."

Pimbi akaulizauliza: watani wanajulikanaje? Shangazi akamwambia kwamba watani hutajana mbele za watu, kila mtu akasikia. Halafu, watoto wazuri, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Pimbi akasema ana njaa.

Jumatatu iliyofuata alikwenda shule. Watoto walipojipanga mstarini, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nyati ananitania au ananionea?"

"Anakutania. Nimeshasema."

"Kwa hiyo mimi na yeye ni watani?"

"Ndiyo, ndiyo, watani." Mwalimu Korongo alikuwa na hamu ya gazeti lake.

"Watani hutajana mbele za watu, Mwalimu. Naomba atamke."

Nyati alitoka mstarini akitingisha mabega. Moyoni aliona amepewa kibali cha uji mpaka amalize shule, na alivyokuwa akisoma, hiyo ingekuwa miaka mingi.

"MIMI NYATI NASEMA, PIMBI NI MTANI WANGU! NA MTANI HAKASIRIKIWI!"

"Hihihihihi!"

"Na mimi nasema," Pimbi alisema kwa sauti yake ndogo, "Nyati ni mtani wangu. Mwalimu, uandike ubaoni tusije tukasahau."

Mwalimu Korongo akaandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo: *Nyati na Pimbi ni watani. Mtani hakasirikiwi.* Akarudi kwenye gazeti.

Wiki nzima Nyati alikunywa uji wa Pimbi. Lakini Pimbi alibeba kiazi kutoka nyumbani, na kila uji uliponywewa alisema, "Unywe, mtani, uongeze pembe!" Nyati akawa anamwangalia kwa pembeni. Uji bila machozi ya mtu aliuona hauna sukari.

Ikafika Ijumaa, siku ya wazazi. Nyati ndiye aliyechaguliwa kuongoza gwaride, kwa kuwa alionekana toka mbali. Asubuhi alipaka pembe mafuta mara mbili. Mchana akala makande sahani tano, akaenda kujilaza nyuma ya jiko, kidevu ardhini, pembe zimetanuka huku na huku. Khoroooo! Khoroooo!

Pimbi akaja kwa vidole, na beseni la nguo kichwani. Zilikuwa nguo za ukoo mzima, zimefuliwa asubuhi hiyo, zinachuruzika maji. Akapanda juu ya kichwa cha Nyati, akaanza kuanika kwenye zile pembe.

Akabana suruali ya Mjomba, yenye viraka viwili makalioni. Akabana gagulo la Shangazi, lile la maua. Akabana soksi za Babu marehemu, moja ina kidole gumba nje. Akabana nepi za mdogo wake, nepi tisa. Nguo za kina Pimbi ni ndogo, zinaingia nyingi.

"Unafanya nini?" Fisi alikuwa amesimama pale, mdomo wazi.

"Namtania mtani wangu," Pimbi alisema, kibanio mdomoni. "Umwamshe? Mwamshe. Nguo zingine bado ziko kwenye beseni, na wewe una masikio mazuri marefu."

Fisi alitazama beseni. Akajishika masikio. "Mimi sikupita hapa," alisema, akaondoka akiuma midomo, hih, hih, mabega yanamtetemeka.

Ngengengengee!

Nyati alishtuka. Gwaride! Akainuka mbio, hakujiangalia, kwanza angejiangaliaje? Pembe haina habari ya kilichoko juu yake. Akakimbilia mbele ya mstari, akainua kichwa juu, kifua mbele.

"Gwarideeeee! Kushoto! Kulia!"

Du! Du! Du! Ngoma ikalia, Nyati akaingia uwanjani. Suruali ya Mjomba ikipepea kulia, gagulo likipepea kushoto, nepi tisa zikipiga makofi katikati.

Wazazi walinyamaza. Nyati alidhani ni heshima, akazidi kunyanyua kichwa. Soksi ya marehemu ikamwangukia puani.

Kisha akasikia sauti aliyoijua sana. "Hihihihihihihihi!" Fisi alikuwa amelala chini, miguu juu, anapigapiga ardhi. Na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

Mstari wa mbele alikaa Bibi Nyati, mwenye pembe za kizee na kanga mbili. Aliinuka akajishika kiuno.

"Mume wangu!" alimwita mjukuu wake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu zao. "Mume wangu wee! Tangu lini umeanza kufulia watu, na mimi mkeo gauni langu lina wiki halijaguswa?"

Watu walizidi kucheka. Nyati alijitazama kwenye dirisha la darasa. Aliona gagulo. Akaona nepi. Macho yakamwiva.

"NANI! NANI KAFANYA HIVI?"

"Ni mimi, mtani," Pimbi alisema. Alikuwa amesimama mbele ya kwato za Nyati, na kila kwato ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Msidhani hakuogopa. "Nilikuwa nakutania tu."

"NITAKUKANYAGA!" Nyati alipiga kwato chini, guuu! vumbi likaruka. "NITAKUSAGA KAMA ULEZI!"

"Mwalimu," Pimbi alisema bila kurudi nyuma, "ubao unasemaje?"

Kila mtu akageukia ubao wa matangazo. Mwalimu Korongo alisoma polepole, shingo imemnywea: "Mtani... hakasirikiwi."

"Kwani huyu ni mtani wako?" Bibi Nyati alimwuliza mjukuu wake.

Nyati alifikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, ilimchukua muda. Akisema ndiyo, hana ruhusa ya kukasirika, na kesho ataanikiwa mashuka. Akasema hilo jingine.

"Hapana! Si mtani wangu! Sijawahi kuwa mtani wake mimi!"

"Kumbe," Pimbi alisema. "Basi uji wangu wa mwaka mzima ulikuwa unaunywa wewe kama nani?"

Hata Fisi alifunga mdomo.

"Uji gani?" Bibi Nyati aliuliza.

"Na wangu alikunywa," Digidigi alisema toka mstari wa nyuma.

"Na wangu," Kobe alisema. "Akanipindua."

"Na wangu! Na wangu!" Mikono ikainuka kila mahali.

Bibi Nyati hakucheka tena. Alimgeukia Mwalimu Korongo. "Mwalimu, wewe ulijua?"

"Mimi... nilidhani ni utani."

"Ulimwuliza huyo anayetaniwa?"

Mwalimu Korongo alishusha mguu wa pili. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama kwa miguu miwili. "Sikumwuliza," alisema. Akamwangalia Pimbi. "Ulikuja kwangu mara nyingi, mwanangu. Nilikosea."

"Na wewe," Bibi Nyati alimwambia mjukuu wake, "mimi nakuita mume wangu na wewe unaniita kizee kisicho na meno, tunacheka wote wawili. Huyu alipokuwa analia, ulikuwa unacheka nini?"

Nyati alitazama chini. Nepi mbili zikadondoka. Na tangu siku ile, saa nne ikifika, alichukua kikombe chake kimoja akaenda kukinywea upande wake, na Mwalimu Korongo alisimama kwenye foleni bila gazeti.

Lakini siku ile gwaride lilikuwa bado halijaisha. Pimbi alikohoa kidogo.

"Nyati, inama."

"Niiname?"

"Inama nianue nguo zetu. Zimekauka."

Na mbele ya wazazi wote, na walimu, na Fisi aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, Nyati akainama, taratibu, mpaka pua yake ikagusa miguu ya Pimbi.

Hadithi yangu nimeianua nayo, ninakunja na beseni langu naondoka. Ninyi shikeni hili tu: utani ni wa watu wawili, ukiona mmoja peke yake ndiye anayecheka, huo ni uonevu.