Kwa Nini Mwayo Huvuka Kinywa hadi Kinywa

Zilikuwapo zama ambazo kinywa cha binadamu kilifunguka kwa kula, kusema, kucheka na kulia, basi. Miayo haikuwapo. Mtu alipochoka alijilaza akalala. Hakutangulia kuachama mbele za watu kama tufanyavyo leo. Hata mbwa alijikunja tu kando ya mafiga na kufumba macho, kinywa chake kimefungwa.

Jambo hili lina sababu, na tukiifuata kwa utaratibu tutaifikia. Usingizi wa zama hizo ulikuwa mali ya mtu binafsi. Kila mmoja alizaliwa na chemchemi yake kifuani. Jua lilipozama chemchemi ilitoa, mwenyewe akanywa, akalala. Hapakuwa na mfereji kati ya kifua na kifua. Mama hakuweza kumgawia mwanawe, wala mke mumewe. Aliyelala alilala peke yake, na aliyekesha alikesha peke yake, hata kama walilalia kitanda kimoja.

Huko milimani Upare palikuwa na kijiji kilichoishi kwa ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo linalojengwa juu ya mashamba. Kijito cha mlimani ni chembamba: ukikiacha kitiririke kipendavyo, shamba la kwanza hukinywa chote, na la pili halipati hata unyevu. Ukikizuia usiku kucha, asubuhi unakuwa na maji yenye nguvu ya kufika mbali. Kwa hiyo jioni tundu la ndiva huzibwa kwa kizibo cha gogo lililovishwa majani ya mgomba. Asubuhi kizibo huvutwa, na maji hushuka kwa zamu, shamba baada ya shamba.

Mlinzi wa ndiva hiyo aliitwa Senzota, mtu mzima aliyependa mambo yaliyonyooka. Alikuwa na ufito wenye alama za kina. Kila asubuhi aliuchovya majini, akatangaza alichokiona, akagawa. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Mkewe, Nakijwa, alikuwa wa namna nyingine. Alitia chumvi kwa vidole, bila kipimo, na chakula chake kikakolea siku zote, jambo ambalo mumewe alilistaajabia kwa miaka mingi bila kulipatia maelezo. Binti yao, Naetwe, alikuwa ameolewa bonde la pili, nao walikuwa wamebaki wawili nyumbani.

Ukaja mwaka wa ukame. Kijito kikapungua, alama za juu za ufito zikakauka, na kugawa maji kukawa kugawa uhaba. Senzota alianza kurudi na hesabu nyumbani. Alipojilaza aliendelea kugawa: nikiwapunguzia wa juu kidogo, ulezi wa chini utapona, nikiwapunguzia zaidi, magimbi ya juu yatanyauka. Mwanzoni hesabu zilimchelewesha tu. Kisha zikamfanya akeshe.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa ndiva pekee angeweza kulifanya. Aliacha kufikiria maji, akaanza kuupima usingizi wenyewe. Kila alipofumba macho alijiuliza: umefika wapi sasa? Umefika magotini? Umefika kiunoni? Naye aliyewahi kuchovya ufito katika maji yanayoanza kukusanyika anajua yatokeayo. Tope hupanda, maji huchafuka, na kina hakionekani. Ukichovya tena kuhakikisha, unachafua tena. Senzota alijichovya mpaka jogoo akawika, na asubuhi hakuwa na usingizi wala kipimo chake.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa, basi alitafuta dawa kwa mpango. Alijaribu dawa moja moja, asije akashindwa kujua ni ipi iliyofaa. Aliosha miguu kwa maji ya moto yenye majani ya mchaichai. Alikunywa uji mzito wa ulezi. Alipanda hadi ukingoni mwa msitu na kushuka, ili mwili uchoke. Alikigeuza kitanda, kichwa kikaelekea mlimani, kisha kikaelekea bondeni. Baadhi ya dawa hizo zilikuwa njema, na wazee wetu wanazitumia mpaka leo. Lakini kila alipotumia dawa alichovya ufito kuona kama imefanya kazi, na ikaacha kufanya kazi papo hapo.

Shemeji yake Mkenga, kaka wa Nakijwa, hakuiacha nafasi hiyo ya utani impite.

"Shemeji, macho hayo umeazima kwa bundi? Mrudishie, anayahitaji usiku."

"Niache, Mkenga."

"Nikuache vipi, na dada yangu analala na taa mbili zinazowaka? Mimi nikikosa usingizi namwomba mke wangu anisimulie habari za ukoo wao. Hafiki kwa babu."

Senzota alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kikavu, na Mkenga alipokuwa akiondoka aliuweka utani kando. Alimwambia dada yake mlangoni, kwa sauti ya chini, "Mtazame huyu. Amekuwa mwepesi. Nilipomshika bega niliogopa."

Mambo yakaenda yakiharibika. Siku moja Senzota alilipatia shamba la juu zamu ya shamba la chini, na ulezi wa watu ukaungua jua. Siku nyingine alimwita mkewe kwa jina la mama yake aliyekwisha kufa, na hakujisahihisha. Kisha ikatokea mchana mweupe kwamba aliinama kupima maji, akazidi kuinama, akaingia ndivani kichwa kikitangulia. Mkenga ndiye aliyemtoa. Wazee wakamnyang'anya ufito kwa heshima, wakamwambia apumzike, wakapanga kukutana wamchague mlinzi mwingine. Lakini kupumzika ndiko kulikomshinda. Usiku ule alijilaza akijipima kwa kiganja.

Nakijwa alijua kinachokuja. Mtu anaweza kukaa na njaa muda mrefu kuliko anavyoweza kukaa bila usingizi, nao usingizi wa mumewe ulikuwa umekauka mpaka kwenye mawe. Jioni moja wakila, Nakijwa aliweka chakula chini.

"Baba Naetwe, nikilala kando yako najiona kama mtu anayekunywa maji mbele ya mwenye kiu."

"Kunywa tu, mama Naetwe," Senzota alimjibu. "Kiu yangu haitapungua kwa wewe kuacha."

Alijibu kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuifanya hesabu hiyo. Lakini Nakijwa hakuridhika nayo. Kwanza alijaribu kukesha naye kwa huruma, na huruma hiyo haikumsaidia mtu: yakawa mashamba makavu mawili badala ya moja. Hata hivyo, kukesha huko kulimfunza kitu. Kulipopambazuka aliuhisi usingizi wake ambao hakuunywa. Haukuwa umepotea. Ulikuwa umesimama ndani yake, mzito, umejaa mpaka kooni, ukisukuma. Alifika ndivani kuteka maji, akamkuta Mkenga, aliyeshikizwa kazi kwa muda, akivuta kizibo. Aliyaona maji yaliyozuiwa usiku kucha yakiruka tunduni na kukimbilia shamba lililopasuka nyufa, shamba lisilo na chemchemi wala kijito, ambalo lilikuwa halifanyi lolote isipokuwa kulala chini ya ndiva na kungoja. Akaacha mtungi wake palepale, akarudi nyumbani.

Senzota alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, uso umeelekea jua. Nakijwa alitandika mkeka, akamketisha, akaketi mbele yake, goti kwa goti.

"Leo hulali," alimwambia.

"Nilikuwa na mpango wa kulala?"

"Sikiliza. Nimekukataza. Usijitafutie usingizi, usijipime, usijiulize umefika wapi. Leo kazi yako ni kunitazama mimi."

"Nikutazame nini?"

"Kwani umemaliza kunitazama?"

Senzota akatabasamu, akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, macho yake yalitoka ndani yake na kukaa mahali pengine. Aliyaona makunyanzi ya mkewe, ambayo hakukumbuka yalianza lini. Aliona nywele za mvi zilizochungulia ukingoni mwa kitambaa. Aliona pia kwamba macho yake yalikuwa mekundu, na kwamba alikuwa amezuia kitu kwa nguvu zake zote.

Nakijwa naye aliuachia usingizi wake. Kinywa chake kikafunguka polepole, kikazidi kufunguka, kuliko kinywa chochote kilivyowahi kufunguka kwa neno au kwa tonge. Pumzi ndefu ikaingia, ikasimama kidogo, ikashuka. Usingizi uliojaa ukatoka tunduni, na kwa kuwa ulikuwa mwingi mno, mwingine ulimwagika pembeni mwa macho, ukateremka mashavuni kama machozi. Huo ndio mwayo wa kwanza.

"Mama Naetwe," Senzota alisema kwa mshangao, "unataka kunimeza?"

Akafungua kinywa kucheka, na kicheko hakikutoka. Kinywa kilibaki wazi, kikazidi, pumzi ikaingia. Alijaribu kusema, "Hiki ni kitu ga—" na hakulifikisha neno. Kichwa chake kilishuka kwenye mapaja ya mkewe. Alilala hapo, mchana, mbele ya kuku, mdomo umeachama kidogo.

Mkenga alipoleta mtungi ulioachwa ndivani, alimkuta dada yake akiwafukuza nzi kwa upande wa khanga, hataki kuinuka. Alitaka kuuliza, akautazama mdomo wa shemeji yake ulioachama, naye kinywa kikamfunguka. Akaondoka akiyumba. Njiani alimfungulia mbwa wake kinywa, na mbwa akamfungulia mbwa wa jirani. Alipofika kwenye baraza la wazee waliokuwa wakijadili nani ashike ufito, alikaa nyuma kwa adabu, lakini mwayo hauna adabu. Ulikwenda kutoka mzee hadi mzee, kwa mpangilio waliokalia, kama maji yanavyoshuka. Mkutano haukumaliza ajenda.

Siku ya pili yake wazee walimwendea Nakijwa wakiwa wamekasirika, japo walikuwa wamelala vizuri kuliko kawaida. Walisema hakuna kitu cha kijiji kinachotiririka bila zamu. Sasa mtoto anamfungulia chifu, na mgeni anamfungulia mwenyeji; utaratibu uko wapi? Wakamgeukia Senzota, ambaye alikuwa ameamka na macho meupe kama ya kijana, wakamrudishia ufito. Wakamwomba aupime usingizi huu na kuugawa kwa haki, kama alivyogawa maji.

Senzota aligeukia jikoni. Alimtazama mkewe. Nakijwa alikuwa ameketi jikoni, hana hata lepe la usingizi. Alikuwa ametoa wote, na usiku ule alikesha akimsikiliza mumewe akikoroma, akiwa na furaha, lakini mkavu. Senzota aliona macho yake yakikodolea sufuria bila kupepesa. Aliyajua macho hayo. Mpaka jana yalikuwa yake.

"Maji nitayagawa," aliwaambia wazee. "Hili la usingizi siwezi. Niliupima mwenyewe nikaukausha. Huyu hakuupima, akanipa wote, wala hakubakiza wa kwake. Mnataka niuweke alama mahali gani?"

Ndipo Senzota alipoinuka, akaingia jikoni, akaketi mbele ya mkewe, goti kwa goti, bila kumuuliza kama ana usingizi. Alikaa tu. Akaufungua mdomo wake, taratibu, kwa kadiri alivyoweza, na machozi yakamtoka mbele ya wageni. Nakijwa alimtazama, akacheka kidogo, akafunika kinywa kwa kiganja asije akaumwaga. Kisha akalala palepale, ameegemea bega lake. Wazee waliondoka mmoja mmoja kwa kunyata, na aliyekuwa wa mwisho aliuinua mlango kidogo ili usilie.

Tangu hapo usingizi haukurudi tena kuwa wa mtu mmoja. Mwayo ukianza kwa mmoja hupita kwa wa pili na wa tatu, na hupita upesi zaidi kati ya wapendanao, kwa kuwa mifereji yao imezoea kupitisha. Ndiyo maana macho hulowa tupigapo miayo, japo hatuna huzuni. Ndiyo maana twafunika kinywa: usingizi ni wa kumpa mtu, haumwagwi ovyo. Na ndiyo maana anayeusaka usingizi kwa kujipima hukesha, naye anayemtazama mwenzake husinzia.

Katika nyumba za milimani, mtu akikosa usingizi mpaka leo hakuna anayemwambia alale, wala hakuna anayemuuliza asubuhi alilala kiasi gani. Mmoja wa nyumbani huketi karibu naye na kumpa cha kutazama: kazi ya mikono, moto, au uso. Wakati mwingine ni yeye mwenyewe anayesinzia kwanza, na yule asiye na usingizi hubaki akimfunika shuka. Nalo halihesabiwi kuwa kosa. Atakapoamka aliyesinzia, zamu ya kumpa mwenzake itakuwa yake.