Chachu ya Pipa la Mama Ndeshi

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Ndekirwa, kwenye matanga ya babu, mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha. Naiandika alivyoisema.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, Mama Ndeshi wa Kibosho alipika mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, katika pipa ambalo halikuoshwa tangu enzi za mama mkwe wake. Chachu iliishi humo mbaoni. Wakwe wa mjukuu wake walikuwa wameapa: bila mbege ya pipa lile, binti haondoki.

Akaja Daktari Elirehema wa maabara ya mjini, akitaka mbege ya kuuza kwenye chupa. Akakwangua chachu kidogo, akaikabidhi mashine yenye akili mnemba na mikono sita.

"Iboreshe. Bakiza zinazochacha haraka, nyingine choma."

Mashine ikazalisha chachu chungu nzima. Ile ya Mama ilichacha polepole. Ikachomwa.

Siku Daktari aliporudi na wapiga picha, Anansia, mkwe wa Mama, aliona haya. Wageni wa makoti meupe waone pipa lenye ukoko? Akalisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka likang'aa.

Mama aliporudi kutoka sokoni, akapiga yowe.

"Usilie, mama," Daktari akasema. "Onja hii mpya."

Mama akaonja, akatema. "Inalewesha, lakini haina kwao. Nirudishie yangu."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba haiko tena popote.

Mchagga akikosa, hubeba jani la sale kwenda kuomba radhi. Jani likakatwa. Nani alibebe?

"Mimi nilijua maabara wana akiba," akasema Anansia. "Wasomi wazima wanachoma mbegu?"

"Nami nilijua pipa lipo, dada yangu," akajibu Daktari. "Tena aliyechoma ni mashine."

Mashine ikaulizwa. "Nilitii amri. Samahani kwa usumbufu." Mikono sita, na hakuna hata mmoja ulionyooshwa kulipokea jani.

"Basi libebe kwa niaba yake, Daktari," akasema Mama. "Mbona sifa zake gazetini ulizibeba?"

Shangazi Ndekirwa amefariki. Daktari yu hai, na amepandishwa cheo. Anansia yu hai. Mashine bado inafanya kazi. Mama Ndeshi yu hai, anangoja kando ya pipa safi, na mjukuu wake hajaoa.

Je, kati ya Daktari, Anansia na mashine, nani alistahili kulibeba jani?