Kabati la Mninga na Nyundo ya Mwalimu

Washarika wapendwa, nawaona. Kuku wameshaanza kuwasumbua kina mama kule mlangoni, na yule aliyeleta mkungu wa ndizi anageuka kuutazama kila nikimaliza sentensi, kana kwamba utaondoka wenyewe. Mnada wetu wa sadaka hizi baada ya ibada upo palepale. Nipeni dakika chache tu, maana leo nina hamu kweli ya kuwasimulia habari za mnada, ila si huu wa hapa nje. Ni ule wa kwenye simu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyepata barua ya uhamisho. Kule anakokwenda alikuwa amepewa nyumba ya vyumba viwili. Na nyumbani kwake palikuwa na kabati la vyombo la mninga, milango ya vioo, zito, linang'aa. Siku linaingia lilibebwa na wanaume wanne, na wawili wao kesho yake walishindwa kuamka kwa mgongo. Mkewe akasema, "Baba Eliakimu, hili kule halipiti hata mlangoni. Liuze." Wakakubaliana.

Mwalimu alikuwa kwenye kundi moja la mnada mtandaoni. Mnajua linavyokwenda, msinitazame hivyo, nusu yenu mmo. Unaweka picha, unaandika bei ya kuanzia, unataja saa ya kufunga, watu wanapandishiana. Saa ikifika, aliye juu ndiye mwenye mali. Mwalimu akapiga picha nne, moja ameweka na maua juu. Akaandika bei ya kuanzia laki moja. Alianza chini makusudi ili kuwavuta watu, lakini moyoni alikuwa anaiona laki nane, na watu wakichangamka, tisa. Kisha kwa mkono wake, mkono uleule unaosahihisha madaftari ya watoto wetu, akaongeza: "Mnada unafungwa Jumamosi saa kumi na mbili kamili jioni. Bei ya mwisho ndiyo bei. Sitaki longolongo."

Jumamosi ile jioni kulikuwa na nini? Naona vijana wa kwaya wanacheka, wameshajua. Watani wa jadi walikuwa uwanjani! Nchi nzima ilikuwa imetoa macho kwenye televisheni, nani ana habari na kabati? Na mwalimu mwenyewe, shabiki wa kufa na kupona, alikuwa ndani ya kibanda umiza cha kutazamia mpira, amebanwa mbavu, jezi mwilini, simu mfukoni. Simu ikatetemeka mara tatu. Hakuisikia. Mara bao likaingia, kibanda kikainuka, mwalimu akamkumbatia mtu ambaye hajawahi kumwona maishani mwake. Walishinda. Akarudi nyumbani anaimba, na watoto wa mtaani nyuma yake wanaitikia.

Alipofika mlangoni ndipo akatoa simu. Laki moja. Laki moja na nusu. Laki mbili. Basi. Chini yake msimamizi wa kundi ameandika: mnada umefungwa, hongera mama. Wimbo ukaishia pale pale mlangoni.

Aliyeshinda alikuwa mama mmoja anayekodisha vyombo vya harusi na misiba. Jioni ile alikuwa anaosha sahani za watu, mpira haumhusu hata kidogo. Alikuwa amemwandikia, "Nashukuru sana, Mwalimu. Jumatatu saa tisa nakuja na mkokoteni."

Sasa, ndugu zangu, tumwonee huruma kidogo huyu mtu. Ungekuwa wewe, ungelala?

"Laki mbili," alimwambia mkewe. "Mninga mtupu. Mbao zake peke yake zinazidi hapo."

"Si uliandika mwenyewe bei ya mwisho ndiyo bei?"

"Niliandika nikijua watu watapanda."

"Na wangepanda mpaka milioni, ungemwambia mama wa watu asilipe?"

Mwalimu akaanza kutafuta soksi zake chini ya kochi. Hazikuwa hata zimepotea.

Kesho yake akaenda kanisani. Ndiyo, alikwenda, na aliimba sauti ya pili vizuri kabisa. Alipotoka akasimama kando ya ukuta, akamwandikia yule mama hivi: "Samahani dada, tumepata ajali. Jana tulipokuwa tunalisogeza kabati, kioo cha mlango kimevunjika na ubao wa juu umepasuka. Naona tuache tu." Akatuma. Akavuta pumzi. Akajiona mjanja.

Jibu likaja kwa sauti, na nyuma yake sahani zinagongana. "Pole sana, Mwalimu. Hakuna aliyeumia? Basi tushukuru. Mimi nilishasema laki mbili mbele ya kundi zima, siwezi kukukimbia kwa sababu ya kioo. Nitalichukua hivyohivyo lilivyo. Kesho saa tisa, kama tulivyosema."

Mmesikia? Huyu mama ameambiwa mali ni mbovu, na bado anasimama kwenye neno lake. Na yule mwenye mali nzima ndiye anayetafuta mlango wa nyuma. Mwalimu alisikiliza ule ujumbe mara tatu, na kila mara masikio yake yaliwaka moto zaidi.

Jumatatu akaomba ruhusa shuleni mapema. Saa nane mkewe akamkuta sebuleni anatoa sahani kabatini, anazipanga sakafuni taratibu. Juu ya stuli kuna nyundo.

"Baba Eliakimu, nyundo ya nini?"

"Anakuja saa tisa. Atakuta kabati zima."

"Si umwambie ukweli tu."

"Nimwambie nini, kwamba mimi mwalimu mzima nimemdanganya? Acha alione limevunjika. Akiliona kwa macho atalikataa mwenyewe."

Hebu tupige pamoja hesabu hiyo. Akilikataa, mwalimu anabaki na kabati bovu. Akilikubali, ameuza kabati bovu kwa laki mbili zilezile. Na huyu ndugu yetu anafundisha hesabu, darasa la saba! Lakini uongo ukishautoa mdomoni unataka kulishwa, na yeye alikuwa ameamua kuulisha kabati lake.

Mkewe akatoka nje. Hakutaka kuona. Mwalimu akainua nyundo, akafumba macho, akapiga. Kioo kikamwagika sakafuni. Akapanda kwenye stuli, akaugonga ubao wa juu. Mninga ukamkatalia. Akapiga tena, ukamkatalia. Mara ya tatu ukalia, ukapasuka katikati, na mwalimu akahisi kitu kinamchoma kifuani, maana kabati lile walilinunua kwa miaka miwili ya kujinyima, yeye na mkewe, kabla hata mtoto hajazaliwa. Alitamani kulia. Nje mkokoteni ukasimama.

Yule mama akaingia, akaamkia, akavua kanga ya begani. Nyuma yake kijana wa mkokoteni. Akalitazama kabati. Akatazama vipande chini. Akaitazama stuli, na nyundo juu yake, na unga wa kioo kichwani mwa nyundo.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mtu wa vyombo. Vimenivunjikia miaka kumi na miwili. Kilichovunjika Jumamosi hufagiliwa Jumamosi."

Mwalimu akainama kuokota vipande.

Mama akafungua pochi, akatoa bahasha, akahesabu laki mbili, akaziweka mezani. Bahasha bado ilikuwa nene. "Na mimi nina macho," akasema kwa uchungu. "Mninga naujua. Kwenye mnada niliandika kile nilichokuwa nacho, na Mungu akanipa. Lakini sikupata usingizi, nikasema huyu mwalimu ana mke na mtoto, ataona ameporwa. Nikakopa kwa dada yangu laki tatu nyingine nije nikuongeze. Sasa hizi tatu itabidi zimlipe fundi. Kwa nini hukuniambia tu kwamba bei imekuuma? Ungesema neno hilo moja, ningekuachia kabati lako, na tungebaki watu."

Akamwita kijana. Wakasaidiana na mwalimu mwenyewe kulitoa, na kila walipoinamisha kidogo, vioo vilivyobaki vilidondoka ndani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji amefundisha kwamba ukitimiza neno lako utaongezewa laki tatu. Sikusema hivyo! Labda mnunuzi wako atakuja na laki mbili kavu, hana bahasha nyingine, hana huruma, atabeba kabati zima huku anapiga mluzi, na wewe utabaki mlangoni roho inakuuma. Mpe. Wewe ndiye uliyeiandika ile saa. Wewe ndiye uliyesema bei ya mwisho ndiyo bei. Ahadi tunayoishika wakati inatulipa tu, tumtolee nani sifa? Hata bei ikipanda sana huwa tunaishika, tena kwa mikono miwili.

Na kama imekuuma, sema imekuuma. Kuomba si dhambi. Mwambie mwenzako, ndugu yangu, nimeanguka, unanisaidiaje? Akikuachia, mshukuru. Akikataa, ni haki yake, mbebeshe mali yake. Lakini sisi tunaona aibu kusema ukweli wa dakika moja, tunakwenda kuchukua nyundo. Ni mangapi mazima tumeyavunja sisi wenyewe ili tu uongo wetu uonekane kweli? Ndoa ngapi? Undugu gani? Bei ya chini haikulipasua lile kabati. Mwenyewe alilipasua.

Naona mnatazamana. Mnadhani nawasema ninyi.

Wiki iliyopita niliweka pikipiki yangu kwenye kundi la mnada. Nilikuwa naitegemea inipe fedha nzuri, na ikaenda kwa bei ambayo hata mama mchungaji sijamtajia mpaka leo. Jana niliandika ujumbe kwa aliyeinunua, kwamba injini imekufa. Niliandika mimi, huyu mnayemwona na joho hili. Sijautuma bado. Nilipokuwa naandaa mfano huu niliona nimeishika nyundo.

Simu hii hapa. Naufuta mbele yenu. Umefutika. Na aliyeinunua ameketi humu, safu ya tatu upande wa kina baba, tangu asubuhi anakwepa macho yangu na mimi nakwepa ya kwake. Ndugu yangu, pikipiki ni nzima. Imeegeshwa nyuma ya ofisi. Njoo uchukue ufunguo, kisha sote twende nje, na ule mkungu ukienda kwa elfu mbili, umekwenda.